Saratani ya Njia ya Mkojo Inapofika Mifupani: Yanayoamua Muda wa Kuishi

Saratani ya njia ya mkojo huanzia kwenye utando unaofunika kuta za ndani za viungo vinavyopokea na kuhifadhi mkojo: beseni la figo, mirija miwili inayouteremsha kutoka kwenye figo, kibofu, na mrija wa mwisho unaoutoa nje. Wagonjwa tisa au zaidi kati ya kila kumi huipata kwenye kibofu. Mwaka 2022 dunia ilihesabu zaidi ya wagonjwa wapya 610,000 wa saratani ya kibofu, na vifo takriban 220,000. Saratani ya nyama ya figo na ile ya tezi dume ni magonjwa mengine, ingawa nayo hupenda kwenda mifupani. Dawa zake ni tofauti, mwendo wake ni tofauti, na takwimu zake hazifai kuazimwa ili kumwelezea mgonjwa wa kibofu, kosa ambalo hufanyika mara kwa mara ndugu wanapojitafutia habari wenyewe.

Wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa bado kwenye utando, na sehemu kubwa yao hupona au huishi nao miaka mingi. Mambo hubadilika saratani inapopenya msuli wa kibofu, kwa kuwa humo mna mishipa mingi ya damu na ya limfu inayofungua njia ya kwenda mbali. Ikishafika kiungo cha mbali huitwa hatua ya nne, na mpangilio wa kimataifa unaotumika sasa huwagawa wagonjwa hao mara mbili: M1a ni wale ambao tezi za limfu za mbali pekee ndizo zilizoguswa, M1b ni wale ambao saratani imeingia kiungo kingine, kiwe ini, mapafu au mfupa. Mgawanyo huo umetokana na ukweli kwamba kundi la kwanza huishi muda mrefu zaidi. Kwa ujumla, takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa chini ya wagonjwa 10 kati ya 100 wanaokutwa na saratani ya kibofu iliyosambaa mbali hufikisha miaka mitano. Mifupa huguswa kwa takriban theluthi moja ya wenye ugonjwa uliosambaa.

Ndani ya kundi hilo la M1b tofauti bado ni kubwa mno. Mmoja ana doa moja kwenye mfupa wa nyonga, anatembea, anakula, anashughulikia mambo yake. Mwingine pingili zake kadhaa zimeliwa, ini limevamiwa, na kuketi kitandani ni mateso. Kuwapa wote wawili idadi moja ya miezi ni kuwadhulumu wote wawili. Swali la maana ni mambo gani yanayowatenganisha, na katika hayo ni yapi yanayoweza kubadilishwa kwa matibabu.

Jibu huanzia kwenye namna saratani inavyofika mfupani. Mwaka 1940 daktari wa Marekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa mishipa ya vena unaouzunguka uti wa mgongo na kuungana na mishipa ya nyonga. Mishipa hiyo haina vali za kuzuia damu kurudi nyuma, kwa hiyo mtu anapokohoa au kujikamua, shinikizo la tumboni linaweza kuisukuma damu ya nyongani hadi kwenye pingili bila kupitia mapafu. Ndiyo maana mifupa inayoguswa zaidi ni pingili za mgongo na nyonga, pamoja na mbavu na sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Lakini kufika si kuota. Mnamo 1889 Stephen Paget, mpasuaji wa London aliyechunguza kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, alisema kuwa seli za saratani ni kama mbegu: hutawanyika kote, ila huota palipo na udongo unaozifaa. Mfupa una udongo huo. Seli za saratani zikishajishikiza kwenye uboho huchochea kutolewa kwa protini iitwayo RANKL, nayo huziamsha seli zenye kazi ya kubomoa mfupa. Mfupa unapobomolewa huachilia kalsiamu na viini vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na viini hivyo huilisha saratani, nayo huchochea ubomoaji zaidi.

Saratani ya tezi dume, kwa kawaida, huufanya mfupa ujenge tishu ngumu isiyo na mpangilio. Ile ya njia ya mkojo hubomoa, au huchanganya kubomoa na kujenga. Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mgonjwa, kwa sababu mfupa uliotobolewa huvunjika kwa jambo dogo tu: kugeuka kitandani, kunyanyua ndoo, kujikwaa mlangoni.

Mfupa wenyewe si kiungo ambacho mtu hufa kikishindwa kazi kama ini. Madhara yake huja kwa mzunguko. Maumivu humfanya mgonjwa asitembee, kutotembea kukayeyusha misuli na kuleta damu kuganda miguuni, kulala muda mrefu kukaleta nimonia na vidonda. Pingili ikiporomoka inaweza kuubana mshipa mkuu wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo, na mtu aliyekuwa akitembea asubuhi akapooza miguu kabla ya siku chache kupita. Uboho ukivamiwa, utengenezaji wa damu hupungua. Kalsiamu ikizidi kwenye damu huleta kiu isiyokatika, choo kigumu, usingizi na kuchanganyikiwa, na huziumiza figo ambazo tayari huenda zimeelemewa. Katika kila njia kati ya hizi, kinachopotea kwanza ni nguvu za mgonjwa, na nguvu hizo ndizo zinazoamua kama atapewa dawa zinazorefusha maisha au atanyimwa kwa sababu mwili wake hautazihimili.

Kipimo cha nguvu hizo si cha maabara. Daktari huuliza na kutazama. Mizani ya Karnofsky, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, humpa mgonjwa alama kutoka 100 kushuka hadi 0. Mizani ya ECOG, iliyo fupi zaidi, huanza na 0 kwa mtu anayefanya kila kitu kama zamani. Ngazi ya 1 ni yule anayeweza kazi nyepesi, ya 2 anayejihudumia mwenyewe na kukaa nje ya kitanda zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho, ya 3 anayekaa kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa hizo, na ya 4 asiyeinuka kabisa. Ni kipimo kisichogharimu kitu, na karibu kila uchunguzi wa saratani hii umekikuta mstari wa mbele kuliko vipimo vya gharama kubwa.

Mwaka 1999 Dean Bajorin na wenzake wa kituo cha Memorial Sloan Kettering, New York, walichambua wagonjwa 203 waliotibiwa kwa mchanganyiko wa dawa nne uitwao MVAC: methotreksati, vinblastini, doksorubisini na sisplatini. Mambo mawili yalitosha kuwagawa: alama ya Karnofsky chini ya 80, na saratani kufika kwenye mapafu, ini au mfupa. Kati ya wagonjwa wasio na lolote katika hayo, nusu walivuka miezi 33. Kwa wenye moja, nusu walivuka miezi 13.4, na kwa wenye yote mawili, miezi 9.3. Hapa mfupa umetajwa waziwazi kuwa dalili mbaya, sambamba na ini.

Miaka 11 baadaye Joaquim Bellmunt na wenzake waliangalia wagonjwa wa aina nyingine, wale ambao dawa za kwanza zenye platini zilikuwa zimeshashindwa. Mambo waliyoyakuta yalikuwa matatu: nguvu zilizopungua (ECOG zaidi ya 0), himoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, na saratani kwenye ini. Asiye na hata moja alikuwa na nafasi sawa ya kuvuka au kutovuka miezi 14.2. Kwa mwenye moja muda huo ulishuka hadi miezi 7.3, kwa mwenye mawili 3.8, na kwa mwenye yote matatu 1.7. Ini limebaki, mfupa haumo.

Kutoweka huko kwa mfupa kunastahili kutazamwa kwa makini, maana wengine hukuchukulia kuwa ushahidi kwamba mfupa si kitu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na hali ya wodini ni mengine. Ugonjwa unapofika hatua hiyo, madhara ya mfupa yameshajitokeza kwa majina mengine. Mgonjwa mwenye pingili zilizoporomoka tayari amehesabiwa kwenye safu ya nguvu zilizopungua, na mwenye uboho uliovamiwa yumo kwenye safu ya himoglobini ya chini. Hesabu ikishawachukua kwa sababu hizo mbili, mfupa wenyewe haubaki na cha kuongeza. Kwa maneno mengine, mfupa hufupisha maisha kwa kupitia nguvu na damu, na hapo ndipo ulipo uwezekano wa kuingilia kati.

Jambo linalofuata kwa uzito ni jinsi ugonjwa ulivyotapakaa. Mgonjwa ambaye mfupa ndio kiungo pekee kilichoguswa yuko mahali tofauti na yule ambaye ini limo, na doa moja si sawa na madoa kumi. Wapasuaji wa mifupa na wa uti wa mgongo wamejaribu kuyaweka haya kwenye mizani ya alama ili kuamua nani afanyiwe upasuaji mkubwa. Mizani ya Tokuhashi ya Japani, iliyorekebishwa mwaka 2005, ina jumla ya alama 15. Saratani ya tezi dume, matiti au tezi ya thairoidi hupewa alama 5 kwa chanzo chake. Ile ya kibofu hupewa 0, pamoja na ya mapafu, tumbo na kongosho. Mizani ya Katagiri, nayo ya Japani, ilirekebishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa 808 wa saratani za aina nyingi zilizofika mifupani, na huzihesabu saratani za njia ya mkojo katika kundi linalokua kwa kasi. Huongeza alama kwa viungo vingine vilivyoguswa, hali ya damu, nguvu za mgonjwa, tibakemikali aliyokwishapata, na wingi wa mifupa iliyoguswa. Wenye alama chache, 3 au pungufu, zaidi ya asilimia 90 walifikisha mwaka mmoja, na wenye alama 7 au zaidi ni asilimia 6 tu. Mgonjwa wa kibofu huanza mizani hizi akiwa nyuma, lakini haanzi akiwa amehukumiwa: mwenye doa moja, asiye na ini lililoguswa na mwenye nguvu zake anaweza kuangukia kundi la kati, ambako karibu nusu walifikisha mwaka.

Kwa hao wenye doa moja au machache kuna hoja ya kutibu kila doa kwa nia ya kuliangamiza, kwa upasuaji au kwa mionzi mikali iliyoelekezwa kwa usahihi. Wapo walioishi miaka mingi baada ya hatua hiyo. Lakini wagonjwa wanaochaguliwa kwa ajili yake ndio hao hao ambao wangeishi muda mrefu zaidi kwa vyovyote, na ni vigumu kujua sifa ni ya mionzi au ni ya uteuzi.

Damu nayo husema mengi. Mbali na himoglobini, albumini ya chini huashiria lishe iliyodorora na uvimbe wa ndani unaowaka mwili mzima. Kimeng'enya cha LDH kikipanda huashiria saratani inayokua na kufa kwa kasi, na fosfatesi ya alkali huashiria mfupa au ini linalosumbuliwa. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikizidi limfosaiti kwa mbali, matarajio hupungua. Kalsiamu iliyozidi ni ishara nzito kuliko nyingi kati ya hizi. Hutokea kwa ubomoaji wa mfupa, na pia kwa saratani yenyewe kutoa homoni bandia inayofanana na ile ya tezi za parathairoidi, hata pasipo na doa lolote mfupani. Inahitaji kutibiwa siku hiyo hiyo kwa maji mengi ya dripu na dawa ya kuzuia mfupa usibomolewe. Ikumbukwe kwamba nyingi ya namba hizi ni ishara tu. Kumwongezea mgonjwa damu hadi himoglobini ifike 11 kutamwondolea uchovu na huenda kukamwezesha kupokea dawa, ila hakumhamishi papo hapo kutoka kundi la miezi 7 kwenda la miezi 14.

Figo ni suala linaloipa saratani hii sura yake ya pekee. Dawa iliyokuwa nguzo ya matibabu kwa zaidi ya miaka 30, sisplatini, hupita kwenye figo na huziumiza. Saratani ya kibofu, kwa upande wake, mara nyingi huziba midomo ya mirija inayotoka kwenye figo, mkojo ukarudi juu na figo zikavimba. Umri mkubwa na miaka mingi ya sigara, chanzo kikuu cha ugonjwa huu katika nchi nyingi, huongeza shinikizo la damu na udhaifu wa moyo. Matokeo yake ni kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawafai kupewa sisplatini: uwezo wa figo kuchuja uko chini ya mililita 60 kwa dakika, au masikio yamepungua kusikia, au neva zimeharibika, au moyo umechoka, au ECOG imefika 2. Hupewa karboplatini, ambayo ni dhaifu zaidi dhidi ya ugonjwa huu. Kwa hiyo mrija mdogo unaopitishwa mgongoni hadi kwenye figo iliyoziba, au unaowekwa ndani ya njia ya mkojo kuizibua, unaweza kuwa na athari kubwa zaidi kwa muda wa kuishi kuliko inavyodhaniwa. Ukiwahi, figo hurudi, na mlango wa dawa hufunguka.

Aina ya seli haiwezi kuachwa nje. Sehemu kubwa ya saratani hizi ni za utando wa kawaida wa njia ya mkojo. Zile za seli ndogo huenda mbali mapema, mifupani na kwenye ubongo, na muda wake huwa mfupi. Zile za seli bapa zina historia ndefu katika Afrika, kwa sababu huandamana na kichocho cha kibofu. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaweka minyoo wa kichocho hicho katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Misri ndiyo iliyoandikwa zaidi, ila mnyoo huyo huyo yupo Unguja na Pemba, mwambao wa Kenya na Tanzania, na mabondeni kusini mwa Ziwa Viktoria. Saratani ya seli bapa hukua sana palepale nyongani, na mara nyingi huua kwa kuziba figo na kurudi pale ilipokatwa kabla ya kufika mbali. Haisikii vizuri dawa za kawaida. Misri yenyewe imebadilika: kadiri kichocho kilivyodhibitiwa, seli bapa zilipungua kutoka karibu robo tatu ya saratani za kibofu hadi chini ya theluthi katika takwimu za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Cairo, na saratani ya utando wa kawaida ikachukua nafasi. Hiyo ndiyo inayopenda mifupa zaidi, na nchi nyingine zenye kichocho zinapaswa kuyatarajia mabadiliko hayo hayo.

Dawa zimebadilika kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2000 mchanganyiko wa jemsitabini na sisplatini ulilinganishwa na MVAC. Muda wa kuishi ulikaribiana, miezi 14 kwa 15 hivi, lakini madhara yalipungua, na ukawa tiba ya kawaida. Hali ikasimama hapo kwa miaka mingi. Mwaka 2017 pembrolizumabu, dawa inayoondoa breki kwenye kinga ya mwili, ilipewa wagonjwa ambao platini imeshindwa, nao wakafikia miezi 10.3 dhidi ya 7.4 ya tibakemikali. Mwaka 2020 avelumabu iliyotolewa mfululizo kwa wale ambao tibakemikali ya kwanza imeutuliza ugonjwa wao iliwafikisha miezi 21.4 dhidi ya 14.3. Mwaka 2023 likatangazwa jaribio la wagonjwa 886: enfortumabu vedotini, kingamwili inayobeba sumu hadi ndani ya seli ya saratani, pamoja na pembrolizumabu. Nusu ya waliopewa walivuka miezi 31.5, dhidi ya 16.1 kwa waliopata tibakemikali, na faida ilionekana hata kwa wale ambao saratani ilikuwa imeshaingia viungo vya ndani. Hakuna badiliko kubwa kama hilo lililokuwa limewahi kuonekana katika ugonjwa huu uliosambaa.

Je, mgonjwa wa mifupa hufaidika sawasawa? Hapa kuna pengo linalopaswa kusemwa wazi. Majaribio ya dawa hupima mafanikio kwa uvimbe unaopimika kwa rula kwenye picha. Doa la mfupa lisilo na nyama laini pembeni halihesabiwi kuwa linapimika kwa kanuni hizo, kwa hiyo mgonjwa ambaye mfupa ndio ugonjwa wake wote mara nyingi huachwa nje ya jaribio. Kuna ugumu mwingine: mfupa unaopona chini ya dawa hujijenga upya, na picha ya nyuklia ya mifupa inaweza kung'aa zaidi kana kwamba ugonjwa umeongezeka, na tiba inayofanya kazi ikasitishwa kwa makosa. Tafiti za kurudi nyuma kwenye majalada ya wagonjwa waliopewa dawa za kinga zimekuta mara kadhaa kuwa wenye mifupa iliyoguswa hupata nafuu kidogo kuliko wenye tezi za limfu pekee. Ni ushahidi dhaifu kuliko wa majaribio, lakini unakwenda upande mmoja.

Ndiyo maana uchunguzi mdogo uliofanywa Cairo na kuchapishwa mwaka 2010 una thamani iliyozidi ukubwa wake. Mohamed Zaghloul na wenzake waliwachukua wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu iliyofika mifupani, wote wakiwa wamepata mionzi ya kutuliza maumivu, na kuwagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa asidi ya zoledroniki kwa dripu kila mwezi kwa miezi sita, nusu walipewa kiowevu kisicho na dawa. Dawa hiyo haiui saratani. Huzizuia seli za kubomoa mfupa. Tukio la kwanza baya la mifupa, kama kuvunjika au kuhitaji mionzi tena, lilichelewa kutoka wiki 8 hadi wiki 16. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 36 hivi ya waliopata dawa walikuwa hai, na kwa wengine hakubaki hata mmoja. Wagonjwa 40 ni wachache mno kujengea hakika juu ya urefu wa maisha, na tofauti kubwa kiasi hicho inahitaji kurudiwa kabla ya kuaminiwa kikamilifu. Lakini mwelekeo wake unalingana na yote yaliyotangulia: anayekingwa mfupa wake hubaki na miguu, na anayebaki na miguu hubaki kwenye foleni ya matibabu.

Dawa ya pili ya namna hiyo, denosumabu, huifunga protini ya RANKL yenyewe. Jaribio la mwaka 2011 kwa saratani za aina mbalimbali, ukiondoa za matiti na tezi dume, lilikuta kuwa si duni kuliko asidi ya zoledroniki katika kuchelewesha madhara ya mifupa. Uchaguzi kati ya hizi mbili mara nyingi huamuliwa na figo: asidi ya zoledroniki hupunguzwa dozi uchujaji ukishuka na haipendekezwi chini ya mililita 30 kwa dakika, ilhali denosumabu haipiti huko, ila inaweza kuishusha kalsiamu kwa hatari. Zote mbili zinaweza kuoza mfupa wa taya, kwa hiyo jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, si baadaye.

Mionzi hutuliza maumivu kwa takriban wagonjwa sita kati ya kumi. Dozi moja ya grei 8 hutuliza sawa na dozi nyingi za wiki mbili, tofauti ikiwa kwamba wanaohitaji kurudia ni kama 20 kati ya 100 badala ya 8. Kwa mgonjwa anayesafiri kutoka wilayani, au anayevuka bahari kutoka Pemba kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, siku moja badala ya kumi si jambo dogo, na inasikitisha kuona ratiba ndefu ikiagizwa pasipo sababu. Mfupa wa paja uliotobolewa sana ukazwe kwa chuma kabla haujavunjika. Mizani ya Mirels ya mwaka 1989, yenye alama 12 za mahali, maumivu, aina na ukubwa wa tundu, hupendekeza hivyo kuanzia alama 9. Na mshipa wa fahamu ukibanwa mgongoni, kila saa ina thamani. Jaribio la Roy Patchell la mwaka 2005 lilionyesha kuwa upasuaji wa kuufungulia nafasi ukifuatiwa na mionzi uliwaacha asilimia 84 wakitembea, dhidi ya asilimia 57 kwa mionzi pekee, na uwezo huo wa kutembea ulidumu siku 122 dhidi ya 13. Wagonjwa hao waliteuliwa wakiwa na matarajio ya kuishi angalau miezi mitatu, na sharti hilo bado linafaa kuheshimiwa.

Namba zote hizi zisomwe kwa tahadhari. Kila mizani ilizaliwa pamoja na dawa za wakati wake: miezi 9.3 ya mwaka 1999 haielezi mgonjwa wa leo anayepata dawa mpya, na miezi 31.5 ya mwaka 2023 haielezi mgonjwa asiyeweza kuzilipia, ambaye ndiye mgonjwa wa kawaida Afrika Mashariki. Kinachotajwa ni mpaka ambao nusu ya watu waliuvuka na nusu hawakuuvuka. Hesabu ibadilishwe hali inapobadilika, mgonjwa apimwe upya nguvu na damu baada ya kila awamu ya tiba.

Mahali anapoishi mgonjwa, kwa hiyo, ni sehemu ya hesabu. Damu kwenye mkojo, dalili ya kwanza ya wengi, katika maeneo ya kichocho huchukuliwa kuwa kichocho. Mtu hupewa prazikwanteli na kurudi nyumbani, na asipofuatiliwa damu ikiendelea, hukutwa miezi mingi baadaye akiwa na maumivu ya mgongo. Mashine za mionzi ni chache. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya Uganda, iliyokuwa hospitali ya Mulago, iliharibika, na huduma hiyo ikakosekana nchini humo hadi mashine mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa 2018. Katika kutuliza maumivu Uganda imetangulia: shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, lilieneza mofini ya maji iliyo rahisi kutengeneza na ya bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuiandika bila kungoja daktari. Mgonjwa anayelala kwenye ngazi ya tatu ya ECOG kwa sababu ya maumivu tu, si kwa sababu ini limeshindwa, anaweza kurudi ngazi ya pili au ya kwanza kwa mofini na dozi moja ya mionzi, na kwa wengi wa aina hiyo ndipo mazungumzo ya tibakemikali huanza.